Mto Uko Wapi? Maneno ya Maji na Historia ya Bonde la Kilombero



Najua wengi wenu mlitarajia nizungumzie ngeli za nomino, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi iliyonilisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Leo nimeamua kuzungumzia maji. Wanaonifahamu watatambua baada ya muda mfupi kwamba sijaondoka mbali na ngeli, wala sijaondoka mbali na kamusi.

Utangulizi

Mwaka 2003 nilikuwa Ifakara, mkoani Morogoro, nikikusanya msamiati wa lugha za bonde la mto Kilombero. Nilikuwa na dodoso la maneno ya msingi, kama ilivyo desturi yetu: kichwa, jicho, moto, jiwe, mto. Asubuhi moja nilifika Katindiuka, pembezoni mwa mji, nikampata mzee mmoja, mkulima wa mpunga ambaye ujana wake aliutumia katika uvuvi. Nilimwamkia, tukaketi chini ya mwembe, kazi ikaanza. Tulipofika kwenye neno “mto”, nilitaka kuhakikisha kwamba tunazungumzia kitu kimoja, nikamuuliza, “Mzee, kutoka hapa mto uko wapi?” Hakunionyesha kwa mkono. Aliniuliza, “Mwalimu, unauliza mto wa kiangazi au mto wa masika?”

Nilidhani ananitania. Niliandika neno alilonipa, na swali lake nikalitia pembeni mwa ukurasa kwa penseli, kama tunavyofanya na mambo ambayo hayana safu yake katika dodoso. Mwaka uliofuata Bunge letu lilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ambayo inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kila mkulima wa nchi hii anazijua “mita sitini”. Nilipoisoma sheria ile nilikumbuka maandishi yangu ya penseli. Mita sitini kutoka wapi? Kama mto una mahali pake pa kiangazi na mahali pake pa masika, na baina ya hapo na hapo pana kilomita kadhaa za mpunga, je, mpimaji aweke wapi mguu wa kwanza?

Katika mhadhara huu ninakusudia kuonyesha kwamba swali la mzee yule lilikuwa swali la semantiki, na kwamba historia ya bonde la Kilombero katika miaka mia moja na ushee iliyopita inaweza kusomwa kama historia ya majibu mbalimbali ya swali hilo. Kila aliyekuja alikuja na neno lake kwa ajili ya mahali ambapo maji huja na kuondoka. Kila neno lilikuwa na mwenyewe.

Mto wenye majina mawili

Kwa wale ambao hawajafika huko, nieleze mahali penyewe kwa ufupi. Bonde limelala kati ya safu ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Urefu wake unakaribia kilomita 260, na mahali pengine upana unafika kilomita 50. Mito mingi huteremka kutoka pande zote mbili: Ruhudji, Mnyera, Mpanga, Kihansi, Mngeta, Ruipa, Lumemo unaopita Ifakara, na mingine mingi. Maji hayo hukusanyika katika mkondo mmoja unaokwenda taratibu sana, kwa sababu ardhi ya chini ni tambarare mno. Mvua za masika zinapokolea, mkondo hauwezi kuyabeba yote. Maji hutambaa. Baina ya Machi na Mei uwanda wote huwa kama ziwa lenye majani, kisha Juni yanaanza kurudi, na kufikia Oktoba ardhi ile ile imepasuka kwa ukame na moto wa nyasi unapita juu yake. Mbele zaidi Kilombero hukutana na Luwegu, na hapo ndipo jina la Rufiji linapoanza. Makadirio yanayotajwa mara nyingi yanaupa Kilombero asilimia 62 ya maji yote ya Rufiji kwa mwaka.

Mwanafunzi wa Isimu ya Kibantu ataona mara moja jambo katika orodha ile ya majina. Ruhudji, Ruipa, Lumemo, Luwegu, na ukiongeza jirani yao Ruaha: yote yana kiambishi cha ngeli ya 11, lu- au ru-, ambacho katika lugha nyingi za Kibantu huhusishwa na vitu virefu na vyembamba. Kiswahili kimekipunguza kiambishi hicho hadi kubaki u-, kama katika uzi, ulimi na ukuta. Kwa maneno mengine, walioipa mito ile majina yake waliiweka katika fungu moja na uzi na kamba. Kilombero hauko katika fungu hilo. Sitaki kulijenga ghorofa juu ya jambo hili, kwa kuwa ki- nayo ina mito yake na Kihansi ni mmojawapo. Hata hivyo inafaa kuangaliwa.

Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba mto huu umekuwa na majina mawili katika maandishi. Wasafiri na watawala wa Kijerumani waliuita Ulanga. Graf Joachim von Pfeil, aliyefika huko katika miaka ya 1880, aliandika juu ya “eneo la Ulanga”, na ramani zilizofuata zikashika jina hilo. Jina la Kilombero ndilo lililotawala baadaye. Utawala wa Waingereza ulikuwa na wilaya moja, Ulanga, yenye makao yake makuu Mahenge. Baada ya uhuru sehemu ya kaskazini ilimegwa ikawa wilaya ya Kilombero. Hivyo leo ukisimama kwenye Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lililofunguliwa rasmi Mei 2018, upande mmoja wako ni Kilombero na upande wa pili ni Ulanga. Wilaya mbili zimetenganishwa na mto mmoja, na kila moja imechukua jina moja la mto huo huo. Kabla ya daraja, watu walivuka kwa kivuko na kwa mitumbwi, na si wote waliofika ng'ambo. Kivuko cha mwisho kilipinduka Januari 2016.

Wakazi wenyewe ni mchanganyiko ambao Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa na Mradi wa Lugha za Tanzania mwaka 2009, inautaja kwa ufupi tu. Kindamba na Kipogoro ni ndugu wa karibu. Katika uainishaji wa Guthrie ni G52 na G51. Kibena, G63, kina wasemaji wengi Njombe, lakini tawi lililoteremka bondeni lilipata jina lake la peke yake. A. T. Culwick, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni huko, na mkewe G. M. Culwick walilitumia jina hilo katika kitabu chao cha 1935, ambacho kina sura iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga: Wabena wa Mito. Watu walitofautishwa na ndugu zao wa milimani kwa maji tu. Kimbunga kwa upande wake kimewekwa na Guthrie katika kanda ya P, pamoja na Kingindo, jambo linaloafikiana na simulizi za Wambunga kwamba walitoka kusini. Juu ya lugha hizo zote kiko Kiswahili, ambacho leo ndicho lugha ya soko la Ifakara na, kwa watoto wengi wa Katindiuka, lugha ya kwanza.

Nitoke kidogo njiani. Wanafunzi huniuliza maana ya jina Katindiuka. Umbo lake linashawishi: mwanzoni kuna ka-, mwishoni kuna -uka, kama katika funuka, zibuka na chimbuka, na katikati mtu anaweza kuliona neno la Kiswahili “tindiga”, yaani ardhi ya kinamasi. Hapo ndipo ninapowazuia. Ufanano wa sauti si ushahidi, na g haipotei kwa sababu tunapenda ipotee. Kuhusu Ifakara, simulizi inayorudiwa mno, hasa na watafiti wa afya, ni kwamba maana yake ni mahali pa kwenda kufa. Mzizi -fa umo machoni pa kila mtu. Ninaitaja simulizi hiyo bila kuithibitisha, kwa sababu imeshika kwa nguvu ambayo ina historia yake. Mwaka 1949 Rudolf Geigy wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi alifika Ifakara, na mwaka 1957 maabara ya utafiti ikaanzishwa. Kutokana nayo imekua Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 watafiti walikadiria kwamba mkazi wa Namawala, kijiji kisicho mbali na mji, aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Hizo ni hesabu za maji yale yale yanayostawisha mpunga. Kwa mtafiti wa malaria uwanda wa Kilombero ulikuwa mazalia. Hilo nalo ni jibu mojawapo la swali la mzee.

Neno lililokwenda vitani

Siwezi kuzungumzia maji katika bonde hili nisiitaje vita ya 1905 hadi 1907. Dawa ya Kinjikitile Ngwale ilitoka Ngarambe, karibu na Rufiji, yaani katika bonde la mto ule ule upande wa chini. Ilikuwa maji yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya mbarika. Wanahistoria wameeleza vya kutosha habari za dawa na za vita. Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilifanya kazi kubwa ya kukusanya kumbukumbu za wazee katika miaka ya 1960. Mimi naongeza neno moja la kiisimu. Wamatumbi, Wangindo, Wambunga na Wapogoro kila mmoja alikuwa na umbo lake la neno hili katika lugha yake, maumbo ambayo yanatoka katika mzizi mmoja wa Kibantu unaokadiriwa kuwa *-jiji. Lakini vita haikuitwa kwa umbo la lugha yoyote kati ya hizo. Imebaki na umbo la Kiswahili, “maji”, lililotamkwa mara mbili. Miaka 25 kabla ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanza kusanifisha Kiswahili mwaka 1930, wakulima wa kusini walikuwa wamekwisha kulifanya neno moja la lugha hiyo kuwa lao wote.

Wote, isipokuwa wengine. Tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Mahenge. Kiwanga, mtawala wa Wabena wa Mito, alikuwa upande wa Wajerumani, na alikufa katika vita hiyo. Jamie Monson, aliyechunguza bonde hili kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba misimamo hiyo ilitokana na uhasama na mapatano ya muda mrefu baina ya watawala wa eneo, kuliko imani au ukosefu wa imani katika dawa. Ninalisisitiza hili kwa sababu vijana hupenda kusema “watu wa bonde” kana kwamba maji yaliwafanya kuwa wamoja. Yaliwagawa pia.

Bonde, mbuga na ardhi oevu

Sasa nifike kwenye kiini. Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya watu wa bahari. Mpwani ana maji kujaa na maji kupwa, bamvua na maji mafu; anajua mkondo, mlango, kina na fungu. Hatahayari kwa kukosa neno la maji yanayokuja na kuondoka, kwani kwake yanakuja na kuondoka mara mbili kwa siku. Hata hivyo hayo yote ni ya bahari. Lugha ilipopelekwa bara ikiwa ya shule, ya mahakama na ya mkuu wa wilaya, na kukutana na nchi inayojaa mara moja kwa mwaka, haikuwa na neno tayari. Ikaazima kutoka kwake yenyewe.

Neno la kwanza ni “bonde”. Unguja na Pemba bonde ni mahali pa mpunga; mtu husema ana bonde lake kama anavyosema ana shamba lake. Neno hilo lilipoingia katika lugha ya mipango lilivimba. Mwaka 1961 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti kubwa ya uchunguzi wa Rufiji na matawi yake, na mwaka 1975 ikaundwa mamlaka ya kuendeleza “Bonde la Mto Rufiji”. Hapa bonde si shimo kati ya milima tena. Ni eneo lote ambalo maji yake huishia katika Rufiji, milima ikiwemo. Kilele cha Udzungwa kimo bondeni! Simlaumu mtafsiri, alihitaji neno, na alichagua lililokuwa karibu. Lakini matokeo yake ni kwamba leo “Bonde la Kilombero” lina maana mbili, na katika mikutano ya vijiji nimewahi kusikia ofisa akitumia ya pili na wakulima wakisikia ya kwanza. Ofisa alikuwa akieleza habari za kugawa maji ya mito yote. Wakulima walikuwa wakihofia mashamba yao.

Neno la pili ni “mbuga”, na historia yake ndiyo inayonihuzunisha zaidi. Katika matumizi ya zamani mbuga ni uwanda wa nyasi ulio wazi, na katika sehemu nyingi za bara hasa ule wa udongo mweusi unaotuama maji masika na kupasuka kiangazi. Wataalamu wa udongo waliofanya kazi katika kituo cha Amani miaka ya 1930, Geoffrey Milne akiwa mashuhuri miongoni mwao, walilichukua neno hilo kama lilivyo na kuliingiza katika istilahi zao za Kiingereza. Kwao mbuga ilikuwa udongo wa chini kabisa ya mteremko, unaopokea kile kinachoteremshwa na maji kutoka juu. Mkulima na mwanasayansi walikuwa wakitumia neno moja kwa maana moja, jambo ambalo si la kila siku. Wakati huo huo likaanza kuzoeleka fungu la maneno “mbuga ya wanyama”. Fungu likafupishwa. Muulize mtoto wa Dar es Salaam leo mbuga ni nini, atakujibu Serengeti. Neno la mahali panapolimwa kwa sababu maji huja limekuwa neno la mahali ambapo mtu haruhusiwi kulima.

Wala si neno tu lililosafiri hivyo. Eneo la Kilombero lilitangazwa kuwa pori tengefu mwaka 1952. Maana ya istilahi hiyo wakati huo ilikuwa kwamba uwindaji ungedhibitiwa. Watu waliendelea kulima, kuvua na kuchunga. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 ilibadilisha masharti, ikapiga marufuku kulima na kuchunga mifugo ndani ya mapori tengefu. Istilahi ilibaki ile ile, herufi kwa herufi. Mtu aliyelala ndani ya pori tengefu akiwa mkulima halali aliamka ndani ya pori tengefu akiwa mvamizi. Wanafunzi wangu wa semantiki hujifunza kwamba maana hubadilika polepole, kwa vizazi. Mfano huu unawafaa waufikirie. Mwishoni mwa 2012 Serikali iliendesha operesheni ya kuwaondoa wafugaji na ng'ombe wao bondeni, wengi wao Wasukuma, Wabarbaig na Wamaasai waliokuja wakifuata malisho ya kiangazi. Mwaka 2023 sehemu ya eneo ilipandishwa hadhi ikawa Pori la Akiba la Kilombero.

Nisije nikaeleweka vibaya. Hoja za uhifadhi ni za kweli. Bonde hili limekuwa makazi ya sehemu kubwa ya sheshe wote duniani, yule swala mwekundu wa kandokando ya maji, na idadi yao imeshuka vibaya. Kuna ndege ambao hawapatikani kwingine kokote: kwera mmoja wa Kilombero alielezwa kisayansi mwaka 1990 tu, na ndege mwingine mdogo wa nyasi alisubiri hadi 2021 kupewa jina. Ng'ombe walikuwa wengi kuliko nyasi. Ninachosema ni kwamba mabishano hayo yameendeshwa kwa maneno ambayo upande mmoja uliyajua yamebadilika na upande mwingine haukujua.

Neno la tatu ni jipya, “ardhi oevu”. Mwezi Aprili 2002 uwanda wa Kilombero uliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar ukiwa na ukubwa wa takribani kilomita za mraba 7,967, na istilahi hiyo ikaanza kusikika vijijini. Kiisimu ni neno lililoundwa vizuri. Kivumishi -oevu ni ndugu wa owama na oweka, na kimefuata njia ile ile ya -legevu na -nyamavu. Tatizo langu ni dogo, lakini ni tatizo. Vivumishi vya namna hiyo hueleza hali iliyokwisha kutulia. Mtu mnyamavu si yule aliyenyamaza leo. Ardhi oevu basi ni ardhi ambayo hali yake ni umajimaji. Mwezi Oktoba, mkulima wa Katindiuka akisimama juu ya udongo uliopasuka kiasi cha kumeza jembe, akaambiwa kwamba hapo aliposimama ni ardhi oevu, ana haki ya kucheka. Mzee wangu alicheka.

Kuna maji mengine yasiyo na safu. Kwenye maporomoko ya Kihansi, mto unaoingia Kilombero, paligunduliwa mwaka 1996 chura mdogo aliyeishi katika manyunyu ya maporomoko tu. Jina lake la kisayansi, Nectophrynoides asperginis, lina neno la Kilatini la manyunyu hayo. Kituo cha kufua umeme kilianza kazi mwaka 2000, maji yakapitishwa ndani ya mlima, manyunyu yakapungua. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka katika makazi yake ya asili. Waliohifadhiwa Marekani walianza kurudishwa 2012. Maji ya mto yalikuwa yamehesabiwa kwa ukamilifu. Manyunyu hayakuwa na hesabu yake.

Mafuriko na mlau

Tukishuka na mto hadi Rufiji tunakuta wasemaji wa Kiswahili ambao waliishi na jambo hili kwa karne nyingi, na kwao neno lipo. Wanaita mlau kilimo kinachofuata maji yanaporudi nyuma: mkulima hupanda mahindi au kunde katika unyevu ulioachwa, hatua kwa hatua, akiufuata mto unavyorejea katika mkondo wake. Hulala katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, na maji yakiwahi kuja humkuta juu. Angalieni muundo wa fikra. Katika mlau maji si tukio. Ni sehemu ya mwaka, kama ilivyo usiku katika siku. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 Operesheni Rufiji iliwahamisha wakazi kutoka uwandani na kuwapeleka juu, penye usalama na huduma. Usalama walipata. Mashamba ya mlau yalibaki chini, mbali na nyumba, na ngedere na nguruwe hawakuhamishwa.

Lugha ya ofisi haina mlau. Ina “mafuriko”. Neno hili limetokana na furika, ambalo asili yake halina ubaya: chungu hufurika, moyo hufurika. Katika taarifa za habari limekuwa jina la maafa, karibu sawa na gharika, neno ambalo asili yake ya Kiarabu ni ya kuzama na kufa maji. Siyapuuzi maafa. Msimu wa mvua wa 2023 na 2024 ulizamisha nyumba na mashamba Kilombero na Rufiji, na watu waliopoteza kila kitu hawahitaji profesa wa kuwaeleza etimolojia. Lakini lugha yenye neno moja tu kwa maji yanayoleta udongo na maji yanayochukua nyumba haimsaidii mtu kutofautisha. Mto wa masika ukipewa jina la mafuriko, aliyejenga njiani mwake anaonekana ameonewa na mto, na aliyepanda mpunga njiani mwake anaonekana mjinga. Kumbe wa pili ndiye aliyeijua njia.

Sasa bwawa la Julius Nyerere limeanza kazi. Ujazaji wake ulianza Desemba 2022, na uwezo wa mitambo yake ni megawati 2,115. Umeme huo unategemea kwa sehemu kubwa maji ambayo hutambaa kwanza bondeni Kilombero na kutoka polepole. Wahandisi wanalijua hilo vyema na wanalipigia hesabu. Mashauri ya namna ya kuufungulia mto wa chini upate masika yake yatafanywa kwa Kiswahili, katika mikutano ya vijiji na bungeni, na ningependa neno mlau liwemo ndani ya chumba.

Hilo linatuhusu sisi tulio hapa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotoka 1981, na Kamusi Kuu ya BAKITA mwaka 2015, kazi kubwa ilifanyika, na mimi ni miongoni mwa walionufaika nayo. Lakini kwa sehemu kubwa tumezoea kufasiri mto kuwa maji yanayopita kati ya kingo mbili. Fasili hiyo inautosha Ruvu wakati wa kiangazi. Haiutoshi Kilombero, na kwa kuwa hakimu naye hufungua kamusi zetu, kutotosha kwake kunapimwa kwa mita sitini. Ninapendekeza kwa wahariri wa matoleo yajayo, na kwa wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu, kwamba msamiati wa mito ya bara ukusanywe kwa bidii ile ile tuliyoitumia kukusanya msamiati wa bahari. Mbinu iwe tofauti na yangu ya 2003. Dodoso lipelekwe mara mbili, Oktoba na Aprili.

Siku ile, baada ya kumaliza orodha, nilimwomba mzee anipeleke nikauone ukingo. Tulitembea kutoka Katindiuka kwa muda mrefu, tukipita mabua ya mpunga yaliyokauka na njia za ng'ombe, mpaka nikachoka. Alisimama mahali ambapo mimi sikuona kitu, akaniambia ni hapa, ila nirudi masika. Nilirudi Aprili iliyofuata. Hatukufika pale tulipokuwa tumesimama. Mwanawe alitupeleka hadi nusu ya njia kwa mtumbwi, akachomeka pondo majini kupima kina, kisha mzee akanionyesha kwa kidevu mahali penyewe, mbali, ambapo mvuvi mmoja alikuwa akitega nyavu.